Kuyavusha Maua Kaskazi

Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa na watu wanaoishi na baridi. Vinaeleza namna ya kufunika mizizi kabla theluji haijaanguka, wakati wa kukata mabua yaliyokauka, na jinsi ya kungoja mpaka ardhi ipate joto tena. Msomaji wa Malindi, Watamu, Takaungu au Mtwapa akivifuata neno kwa neno atapoteza maua yake, kwa sababu majira yanayoyatesa huku kwetu ni mengine. Ni kaskazi. Upepo wa kutoka kaskazini-mashariki hujikita Desemba na kukaa mpaka Machi. Jua huwa kali, mvua hukatika, na visima vilivyo karibu na bahari huzidi chumvi. Januari na Februari mara nyingi hupita bila mvua ya maana. Kisha huja Machi na joto lake, ikamalizia mimea iliyokwisha kudhoofika. Mvua kubwa ya mwaka hungojwa Aprili, na Mei ndio kilele chake.

Mmea wa maua unaoishi miaka mingi una njia mbili za kuivuka miezi hiyo. Ama hulala: huangusha majani, hujikusanya katika shina nene au katika kiazi chake chini ya ardhi, ukangoja. Ama hukesha: hubaki na majani, na pengine huzidi kuchanua, mradi mizizi ipate unyevu. Maua mengi ya pwani hayafi kwa ukosefu wa maji peke yake. Yanakufa kwa sababu mwenye bustani huzunguka kila jioni na mpira wa maji akiyapa yote kiasi kilekile. Yaliyolala huoza, na yanayokesha hulowa juu yakabaki makavu chini. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote ninayoyaeleza hapa yatakuwa mepesi.

Nani analala

Mwezi wa Novemba zunguka bustani yako ujue kila mmea uko kundi gani.

Msanapichi, ambao wengine huuita franjipani, ni wa kulala. Kaskazi ikikolea majani yake hugeuka manjano na kudondoka, na matawi hubaki wazi. Usishtuke, wala usiukimbilie na ndoo. Mti mkubwa uliokwisha kushika ardhi hauhitaji maji mpaka masika. Mche ulio kwenye chungu upe kidogo tu, mara moja kila wiki mbili. Matawi yake yamejaa akiba, na mizizi ikilowa wakati mti hauna majani ya kuyanywa maji hayo, uozo huanzia chini na kupanda. Ukibonyeza shina likabonyea na kutoa maji ya kahawia, umechelewa: kata juu ya palipooza mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, weka kipande hicho kivulini kikauke jeraha kwa wiki moja au mbili, kisha ukipande upya.

Waridi la jangwani ni la hapa kwetu, huota lenyewe katika nyika za Afrika Mashariki. Shina lake limevimba chini kwa sababu ndilo ghala lake la maji, na mara nyingi huchanua likiwa halina hata jani moja. Libonyeze kwa kidole gumba. Likiwa gumu, liache. Likianza kunywea, lipe maji mara moja mpaka yatoke chini ya chungu, kisha lisahau tena. Utomvu wake una sumu, hivyo nawa mikono ukishalipogoa, na uliweke mbali na watoto na mbuzi.

Kundi la tatu la walalaji ndilo linalopotea zaidi, kwa kuwa halionekani. Gloriosa, yule mtambaazi wa vichaka vya pwani mwenye maua mekundu yaliyopinda kwenda juu na kingo za manjano, hukauka wote juu ya ardhi na kubaki kiazi. Vivyo hivyo yungiyungi lile linalotoa tufe moja la maua mekundu mvua za kwanza zinapopiga. Si lazima uvichimbue. Udongo mkavu ndio unaovihifadhi vizuri. Hatari yao ni jembe la mtu anayesafisha kwekwe Februari bila kujua kuna nini chini. Kabla shina halijakauka kabisa, weka jiwe la matumbawe au kijiti kilichopakwa rangi mahali pake, na umwonyeshe anayekusaidia shambani. Kiazi cha gloriosa kina kolkisini, sumu inayoweza kumuua mtu, na hufanana na viazi vya kuliwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokichimbua na kutokiacha kizagae uani.

Bogenvilia halilali, wala halitaki kubembelezwa. Asili yake ni Amerika Kusini, na kiu kidogo ndiyo inayolifanya lichanue. Anayelimwagilia kila siku hupata ukuta wa majani mabichi, kisha hulalamika kwamba amedanganywa kitaluni. Lililokwisha kushika ardhi liache mpaka majani yaanze kulegea asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Majani ya mimea mingi hulegea adhuhuri, na hilo si dalili ya kitu.

Vinka, vile vichaka vidogo vya maua ya waridi na meupe vinavyoota hata kwenye nyufa za saruji, vilitoka Madagaska na huvumilia jua, mchanga na upepo wa chumvi kuliko karibu ua lolote la bustani. Katika mmea huohuo wanasayansi walipata vinblastini na vinkristini, dawa za saratani zinazotumika hospitalini mpaka leo. Ni dawa kali mno za kupimwa na daktari, kwa hiyo usichemshe majani yake nyumbani. Bustani yako ikiwa inatazama bahari na maji ni ya shida, panda vinka kwa wingi bila kuona haya. Ni ua zuri.

Wanaokesha ni hawa: asmini, mwaridi, haibiskasi, iksora, mrehani, na mlangilangi ambao bado ni mche. Hawa ndio watakaokula maji yako. Wahesabu sasa. Kama ni wengi kuliko maji unayoweza kupata, afadhali uamue Novemba ni nani utamwokoa kuliko kuwaua wote polepole hadi Machi.

Kazi hufanywa vuli

Kaskazi ikishaingia, nafasi yako kubwa imepita. Mtu anayeanza kuhangaika Februari hana mengi ya kufanya zaidi ya kumwaga maji.

Wakati ardhi bado ina unyevu wa vuli, tandaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri kuzunguka mimea inayokesha, uichanganye kidogo na udongo wa juu. Ifike mwisho wa Novemba uwe umemaliza. Mbolea inayotiwa Januari huamsha chipukizi laini wakati mbaya kuliko wote, nazo huungua na kuwaita wadudu.

Juu ya samadi weka matandazo, na hapa pwani imejaliwa. Makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa ni bora kabisa: hayaozi haraka, hayapeperushwi, na hushika maji. Yaloweke kwanza au yaache yapigwe na mvua ya vuli, yapunguze chumvi na ile rangi ya kahawia. Makuti ya zamani, yanayotupwa watu wanapoezeka upya, yanafaa pia, na majani ya mwembe na mkorosho. Unene uwe kama upana wa kiganja. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, kwa sababu mchwa hupenda kujificha chini ya matandazo na kupanda shinani bila kuonekana. Fukua kidogo kila wiki uangalie. Sipendekezi kuzoa nyasi za bahari zinazoletwa ufukweni. Zina chumvi, na Malindi na Watamu sehemu za pwani ni hifadhi za bahari tangu 1968, si mahali pa kuchukua kitu.

Kuhusu majivu nina neno. Sehemu nyingi za bara wakulima hushauriwa kuyamwaga kwenye maua, na ushauri huo hufika huku kupitia ndugu na marafiki. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kilifi iliyo karibu na bahari imelalia matumbawe, yaani tayari imejaa chokaa, na majivu huizidishia ukali uleule. Iksora na asmini ndizo zinazoumia kwanza: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo udongoni lakini chokaa imekifunga, na mizizi haiwezi kukichukua. Dawa ya kudumu ni mboji nyingi, au kuipanda mimea hiyo katika vyungu vyenye udongo mwekundu kama ule wa Magarini uliochanganywa na mboji. Ukitaka nafuu ya haraka, uliza duka la pembejeo chuma cha kunyunyizia majani.

Jambo la mwisho la vuli ni kukinga maji. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mabati la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 20 hukusanya lita 1,000, ukiacha kidogo kinachopotea. Hata tangi dogo linaweza kukuvusha na asmini zako. Lifunike kwa wavu mbu wasizae. Na vuli yenyewe usiitegemee kupita kiasi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mpaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo sehemu nyingi kame za Kenya, na Ganze na Magarini waliona taabu kubwa. Mwaka ambao vuli imekosekana, kaskazi yako huanza Oktoba, na idadi ya maua unayotaka kuyaokoa lazima ipungue.

Maji mazuri na maji ya chumvi

Mwagilia kwa nadra na kwa kina. Kichaka cha asmini kinachofika kiunoni, kilichopandwa mchangani, kipe nusu ya mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki, polepole, mpaka maji yashuke. Katika udongo mwekundu unaoshika maji, mara moja huweza kutosha. Kumwagilia kidogo kila siku hulowesha vidole viwili vya juu tu, na mizizi hufuata unyevu huko juu, ambako jua huipika. Usiniamini mimi, amini kijiti: kichomeke ardhini, kikitoka na udongo ulioshikana, subiri. Saa nzuri ni baada ya alfajiri. Alasiri ikishapoa inafaa pia, ila usiloweshe majani.

Njia inayookoa maji kuliko zote ni chungu cha udongo kisichopakwa rangi, kilichofukiwa kando ya mmea na kuachwa mdomo tu nje. Kijaze, kifunike kwa kifuu, na maji yatapenya ukutani polepole kuelekea mizizi. Maandishi ya kilimo ya China ya yapata miaka 2,000 iliyopita yanaieleza njia hii, na vyungu vya kupikia vinavyouzwa sokoni vinaifaa vilevile. Tumia maji matamu tu. Maji ya chumvi huziba vinyweleo vya chungu, na baada ya msimu mmoja hakipitishi tena.

Chumvi ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kadiri watu wanavyoyavuta maji ya visima wakati wa kiangazi, ndivyo maji ya bahari yanavyosogea chini kwa chini. Kisima kilichokuwa kitamu Oktoba chaweza kuwa kibaya Februari. Dalili kwenye mmea ni kingo za majani kuungua na kuwa kahawia kuanzia ncha, na ukoko mweupe juu ya udongo wa chungu. Watu wengi huona kuungua huko, wakadhani ni kiu, wakaongeza maji yaleyale. Ukiona dalili hizo, tafuta maji matamu umwage mengi kwa mara moja, yapite na kutoka chini yakiwa yamebeba chumvi, kisha punguza ya kisima. Gawa hivi: maji ya kisima yaende kwa bogenvilia, vinka na mkadi, ambao huvumilia. Maji ya mvua au ya bomba yabakie kwa asmini, mwaridi na iksora.

Maji ya bomba ya Malindi, Kilifi na hata sehemu ya yale ya Mombasa hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na yakikatika kila mtu hupanga foleni. Sioni haki kumwaga maji ya kunywa kwenye majani wakati jirani ananunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Maji ya udhu hayana sabuni. Weka beseni, na nyumba ya watu watano itakuwa na ya kutosha vichaka kadhaa kila siku. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Maji ya kufulia ya suuza ya mwisho yanafaa kwa bogenvilia, ukibadilisha mahali unapoyamwaga. Yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yasiguse mmea wowote.

Asmini

Katika nyumba nyingi za pwani bustani yote ni kichaka kimoja cha asmini karibu na mlango na mrehani kwenye debe, na hiyo yatosha. Bila hizo hakuna kikuba, kile kishada cha maua yanayonukia wanachojipamba nacho wanawake. Waridi, mlangilangi na mkadi huongezwa vikipatikana. Ndiyo maana nikilazimishwa kuchagua mmea mmoja wa kupewa maji yote kaskazi, nitachagua huu, tena kwa furaha, kwa kuwa joto haliuzuii. Asmini yenye unyevu mizizini huchanua vizuri sana siku za joto.

Hutoa matumba kwenye ncha za chipukizi changa. Kwa hiyo mwishoni mwa vuli ipogoe kidogo, ukitoa ncha zilizochoka na matawi makavu, ili iingie kaskazi na chipukizi zilizokwisha kukomaa. Upogoaji mkubwa, wa kuishusha hadi magotini, uache mpaka masika. Ukiikata hivyo Januari, jua litalichoma shina lililozoea kivuli cha majani yake.

Hupenda jua la asubuhi na kivuli baada ya adhuhuri. Ukuta unaotazama mashariki ni mahali pake. Kama iko kwenye debe au ndoo ya plastiki, kumbuka kwamba chombo kinachopigwa na jua la saa tisa huipika mizizi hata kama udongo umelowa. Liweke debe ndani ya chombo kikubwa zaidi na ujaze mchanga katikati, au ulifukie nusu ardhini chini ya mwembe hadi mvua.

Chuma matumba alasiri, yakiwa meupe na yamenona lakini hayajafunguka. Yatafunguka yenyewe baada ya magharibi. Usiache maua yakaukie mtini, kuchuma huuhimiza mmea utoe mengine. Miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya kaskazi: ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na ya 2026 katikati ya Februari. Anayetaka asmini za Idi aanze kuhesabu maji yake Desemba.

Mrehani una maisha mafupi zaidi. Ukiuacha uchanue na kutoa mbegu, umemaliza kazi yake na utakufa. Vunja vishada vya maua kila vinapotokea, na Februari ukiwa umezeeka, chukua vipandikizi, uviweke kwenye glasi ya maji dirishani mpaka vitoe mizizi.

Upepo na wadudu

Kaskazi si upepo mkali kama kusi, lakini kwenye viwanja vinavyotazama bahari hubeba chumvi mfululizo. Mvinje na mkadi ndio ukuta wa kwanza. Mvinje ulionyesha uwezo wake kule Bamburi kuanzia miaka ya 1970, ulipopandwa kwenye machimbo matupu ya matumbawe ya kiwanda cha saruji na kukua mahali ambapo miti mingi ilishindwa. Ukiwa huna nafasi ya miti, tundika kuti upande wa upepo. Suuza majani ya mimea laini kwa maji matamu kila baada ya siku kadhaa, alfajiri.

Wadudu wa msimu huu ni utitiri mwekundu, unaoacha vidoa vya manjano na utando mwembamba chini ya majani, na wale weupe wanaofanana na unga kwenye vifundo vya haibiskasi. Utitiri hauvumilii maji, hivyo kuyapiga majani kwa chini asubuhi tatu mfululizo huupunguza sana. Weupe wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kawaida. Mafuta ya mwarobaini nayo yanasaidia, ila yanyunyize jua likishatua, kwani yakikutana na jua kali majani huungua.

Machi, usiharakishe

Mwishoni mwa Machi bustani itaonekana imekufa, na manyunyu mawili matatu yatapita. Hiyo bado si masika. Anayekimbilia kuhamisha miche siku hiyo huipoteza wiki mbili baadaye jua linaporudi. Ngoja mvua zifuatane na kijiti chako kitoke na unyevu hadi kina cha kiganja.

Kabla ya kung'oa chochote, kwaruza gome kwa ukucha. Chini yake kukiwa na ukijani, mmea uko hai. Kukiwa na kahawia, shuka chini kidogo ukwaruze tena, mpaka kwenye kitako. Haibiskasi na asmini huweza kukauka juu kote na bado kuchipua kutoka chini Mei. Mimi humpa kila mmoja muda mpaka mwisho wa Mei.

Masika ikishatulia, ndipo upogoe kwa nguvu, utie samadi, na uchukue vipandikizi vya bogenvilia, asmini na msanapichi kuwa akiba ya mwaka ujao. Matandazo yaliyobaki usiyatoe, ila yasogeze mbali na vijiti ulivyoweka juu ya gloriosa na mayungiyungi, chipukizi zao zipate njia. Kwa wiki hizo za kwanza toka na taa usiku uokote konokono wakubwa. Mvua iliyowaamsha wao ndiyo iliyoamsha chipukizi hizo, nao huzitafuna hadi usawa wa ardhi kwa usiku mmoja.